Universal Credit na shifti za kupanda na kushuka: kupanga pesa bila kukosana na Nairobi

Huku Nairobi hakuna anayejua habari za mwezi wa tathmini, yaani mwezi ambao mshahara wako unahesabiwa ili kupanga malipo ya Universal Credit. Kinachojulikana ni kwamba mwezi uliopita pesa ziliingia vizuri kwenye M-Pesa, mwezi huu zimekuja nusu, na mtu Kayole au Umoja ameanza kusema umebadilika. Basi haya ni kwa mlioko Uingereza mnaolipwa kwa saa, kama wahudumu wa wazee, watu wa maghala na madereva, ambao mshahara hautoshi na Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, inajazia.

Kabla ya yote, tazama visa yako. Visa nyingi, pamoja na ya wafanyakazi wa afya na huduma za wazee, zina sharti la kutogusa misaada ya serikali. Ukiomba ukiwa chini ya sharti hilo unaweza kuharibu maombi yako ya baadaye ya ukaaji. Wenye uraia, ukaaji wa kudumu au hadhi ya ukimbizi kwa kawaida wanaruhusiwa kuomba. Kama mume anaruhusiwa na mke haruhusiwi, au kinyume chake, muoneni mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Jirani aliyewahi kupata si mshauri.

Mwezi wa tathmini unaanza tarehe uliyoomba, si tarehe moja ya kalenda. Aliyeomba tarehe 9 huhesabiwa kuanzia tarehe 9 hadi 8 ya mwezi unaofuata, na pesa huingia siku saba baadaye, tarehe 15. Mwajiri akikulipa, taarifa inafika HMRC, mamlaka ya kodi, na kutoka huko inaenda Universal Credit. Wanachotazama ni siku uliyolipwa, hata kama kazi uliifanya wiki tatu nyuma.

Hesabu yenyewe si ngumu. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26, mzazi anayesaidiwa pia kodi ya nyumba aliachiwa pauni 411 za kwanza za mshahara bila kuguswa; asiyesaidiwa kodi ya nyumba, pauni 684. Asiye na mtoto wala maradhi yanayompunguzia uwezo wa kufanya kazi hana nafuu hiyo. Baada ya hapo kila pauni inapunguza malipo kwa peni 55. Mshahara unaohesabiwa ni ule uliobaki baada ya kodi ya mapato, bima ya taifa na mchango wa pensheni. Wanaojitoa kwenye pensheni ya kazini ili wapate zaidi mkononi wakumbuke kwamba sehemu ya hicho wanachoongeza inarudi kukatwa.

Sasa tazama mtego wenyewe. Mama mmoja analipwa pauni 1,000 kila wiki nne na ana nafuu ya 411. Kwa kawaida anakatwa pauni 323.95. Lakini wiki nne si mwezi. Mwaka mmoja una mishahara 13 ya namna hiyo, kwa hiyo kuna mwezi wa tathmini utakaobeba miwili. Mwezi huo anakatwa 873.95, yaani 550 zaidi. Hajafanya shifti hata moja ya ziada! Wanaolipwa kila wiki hukutana na miezi yenye malipo matano, karibu mara nne kwa mwaka. Chukua kalenda, andika siku zako za mshahara za mwaka mzima, chora mstari kwenye tarehe ya tathmini, na miezi mibaya utaiona mapema.

Wanaolipwa mara moja kwa mwezi wana kinga. Tangu Novemba 2020, baada ya kesi iliyofika Mahakama ya Rufaa, mishahara miwili ya mwezi ikiangukia tathmini moja, mmoja unaweza kusogezwa. Andika ujumbe kwenye akaunti yako ya mtandaoni uombe hivyo. Desemba ndiyo huleta shida hii, maana waajiri wengi hulipa kabla ya Krismasi. Mwambie mtu wa mishahara aripoti HMRC tarehe ya kawaida ya malipo. Ndivyo mwongozo wa HMRC wenyewe unavyotaka.

Kwa anayetuma Nairobi, ugumu ni kwamba mshahara mnono unatangulia na makato yanafuata. Kufikia siku ya makato, pesa zimeshakuwa karo na mchango wa harusi. Mimi napendelea njia hii: mwezi ukizidi mshahara wako wa kawaida, peni 55 za kila pauni iliyozidi ziende akaunti nyingine siku hiyohiyo. Usiziite akiba, ni kodi ya nyumba ya mwezi ujao. Ahadi za Nairobi zipime kwa mwezi wako mdogo kuliko yote. Chama chenye faini ya kuchelewa, chagua mchango unaouweza hata shifti zikikatwa. Karo ya Januari anza kuilipa Oktoba, kidogo kidogo, moja kwa moja kwa paybill ya shule. Na ujue kwamba hakuna anayekupunguzia makato kwa kuwa ulimlipia mama hospitali.

Malipo yakishuka hadi sufuri, madai yanaweza kufungwa. Usikate tamaa: ndani ya miezi sita unaweza kuyafungua tena kwa maombi mafupi, lakini ni wewe wa kuingia mtandaoni kuomba. Madereva waliojiajiri huripoti mapato na gharama kila mwezi, na baada ya miezi 12 ya mwanzo wanaweza kuhesabiwa kiwango cha chini cha mapato hata kama hawakukifikia.

Ploti ya Kitengela inahesabiwa kama mali yako, na akiba ya Sacco pia. Ukivuka pauni 6,000 malipo yanaanza kupungua, na ukivuka 16,000 hupati kitu. Kuandikisha hati kwa jina la kaka hakusaidii. Wakiona ulifanya hivyo ili ustahili, watakuhesabia kana kwamba bado ni yako. Nyumba anayoishi mzazi wako aliyefika umri wa pensheni wa Uingereza inaweza kuachwa nje ya hesabu, ila lazima uitaje.

Na safari ya Desemba: toa taarifa kabla ya kuondoka. Malipo yanaweza kuendelea kwa mwezi mmoja ukiwa nje ya nchi, mradi masharti mengine unaendelea kuyatimiza. Ukifiwa na jamaa wa karibu ukiwa Nairobi, mwezi mmoja zaidi unaweza kuongezwa, lakini ujumbe uuandike kutoka hukohuko, usingoje kurudi.