Kundi ulilolipenda ujanani linarudi? Soma hapa kabla hujashangilia au kuponda

Imetokea tena. Habari imetoka asubuhi kwamba kundi fulani la zile boibendi, yaani makundi ya vijana wa kiume wa kuimba, za enzi za kanda na CD linarudi jukwaani, na kabla sijamaliza chai simu imeshajaa. Dada yangu katuma sauti ya dakika mbili, humo ndani analia, anacheka, anaimba, alafu anauliza tiketi zinatoka lini. Binamu yetu naye katuma picha ya wazee wamekaa kwenye benchi na chini kaandika "mazoezi yameanza". Mi nikabaki katikati kama kawaida, kwa sababu nimeshakuwa pande zote mbili, nimeshanunua tiketi kwa mihemko nikajuta mpaka njia ya kurudi nyumbani, na nimeshaponda watu hadharani alafu nikaja kuona wameimba vizuri kuliko zamani, nikafuta nilichoandika usiku wa manane.

Sasa hivi nina utaratibu wangu na naona unasaidia, chukua utakachokipenda.

Kwanza kabisa siku ya tangazo usiseme kitu. Najua ni ngumu, lakini hebu angalia umepewa nini siku hiyo, picha moja wamevaa nyeusi, tarehe, na sehemu ya kubonyeza ununue tiketi, basi. Hakuna wimbo, hakuna sauti, hakuna lolote la kupima, kwa hiyo wanaoshangilia na wanaoponda wote wanajadili picha. Na ukijichunguza vizuri utaona hata kundi lenyewe hulifikirii, unajifikiria wewe ulivyokuwa na miaka kumi na nne, na yule aliyekuwa anakuazima ile kanda. Hiyo siyo dhambi ila usije ukaichanganya na muziki.

Ukitulia, hesabu vichwa. Nani yupo, nani hayupo, na kwa nini. Watu wengi wakiona mmoja kapungua wanasema hapo hakuna kundi, mi nilikuwa hivyo hivyo mpaka Take That, boibendi ya watu watano ya Uingereza, wakanifunza adabu. Robbie Williams aliondoka 1995, mwaka uliofuata kundi likavunjika, na Uingereza ikabidi zifunguliwe namba za simu za kuwaliwaza mashabiki, yaani watoto wa watu walikuwa wanalia kweli kweli. Wakarudi kwenye ziara 2006, wanne, bila Robbie, ambaye ndiye aliyekuwa staa mkubwa kuliko wote kipindi hicho. Kila mtu alijua haitakwenda. Ikaenda. 2010 Robbie akarudi wakatoa albamu, 2011 wakapiga usiku nane Wembley, baadaye Robbie akarudi kwenye kazi zake mwenyewe, 2014 mwenzao Jason Orange akasema imetosha akajitoa, na waliobaki watatu wanaendelea na mambo yao. Kwa hiyo idadi peke yake haikwambii kitu. Kinachokwambia ni kama aliyekosekana ndiye aliyekuwa anabeba sauti au alikuwa anabeba nywele, na we shabiki unajua vizuri nani alikuwa anabeba nini, usijifanye hujui.

Kuna pengo lingine ambalo haliko hivyo. Boyzone, kundi la Ireland, walirudi 2007, na 2009 mwenzao Stephen Gately akafariki. Hapo usiulize nani kachukua nafasi yake, angalia wenzake wameishughulikiaje hiyo nafasi. Wao kwenye albamu yao ya kuaga ya 2018 waliweka sauti yake aliyokuwa ameiacha, na mi naona huo ni uungwana. Kundi linalorudi huku linajifanya hakuna mtu aliyewahi kukosekana, hilo linanitia wasiwasi, hata kama wanaimba vizuri.

Alafu soma tangazo taratibu ujue unauziwa nini hasa, maana neno "kurudi" siku hizi linabeba kila kitu. NSYNC, kundi la Marekani, 2023 walisimama watano pamoja kwenye tuzo za MTV, wakatoa wimbo mmoja kwa ajili ya filamu ya katuni ya Trolls, na watu wakaanza kuweka akiba ya ziara ambayo hakuna mtu aliyeitangaza! Wimbo mmoja ni wimbo mmoja. Upande wa pili Backstreet Boys, nao wa Marekani, 2025 walipoingia ukumbi wa Sphere pale Las Vegas walisema wazi kabisa kwamba tunakuja kuwapigia ile albamu yetu ya 1999, Millennium, aliyetaka kumbukumbu akaenda kununua kumbukumbu na hakuna aliyedanganyika. Na hao hao 2019 walitoa albamu mpya, DNA, ikaingia moja kwa moja namba moja Marekani, kwa hiyo mtu asikwambie wazee hawawezi kutoa kitu kipya. Shida inakuja pale tangazo linaponadi nyimbo za zamani alafu ukifika nusu ya konsati ni nyimbo mpya ambazo hakuna anayezijua, unaona ukumbi mzima unaelekea chooni kwa pamoja.

Sasa tufike kwenye sauti, na hapa ndipo ninapotaka utumie muda, maana maneno mengi ya "wamekwisha" na "wako vilevile" yanatoka kwa watu ambao hawajasikiliza kabisa.

Usiangalie video rasmi. Video rasmi inapitia kwa fundi, inasafishwa, sauti inayumba inanyooshwa, hapo huwezi kujua lolote. Tafuta video ya shabiki aliyerekodi kwa simu kutoka mbali, ile inayotikisika na kuna mtu anapiga kelele pembeni. Weka kwanza wimbo wa zamani, imba kiitikio kwa sauti ya kawaida, kikishakaa mdomoni zima, alafu weka hiyo video ya simu na uendelee kuimba ulipoachia. Kama unagundua inabidi ushuke kidogo ili ulingane nao, basi wameshusha, wanamuziki wanasema wameshusha kii, yaani wimbo mzima unaimbwa kwa sauti nene kidogo kuliko zamani. Binamu yangu siku alipojifunza hilo alifurahi kama kakamata mwizi. Nikamwambia tulia, huyo jamaa aliurekodi huo wimbo ana miaka ishirini na, leo ana hamsini na kitu, we mwenyewe ile sauti yako ya shule ya msingi iko wapi? Kevin Richardson wa Backstreet Boys kazaliwa 1971, piga hesabu. Kushusha ili uimbe kweli ni bora mara kumi kuliko kuuacha wimbo juu kule alafu uimbiwe na kompyuta.

Na kuimbiwa na kompyuta utakujua kwa mambo madogo madogo. Angalia ile sehemu ya juu kabisa, ile ambayo hata we unaikwepa bafuni. Kama mdomo uko mbali na maikrofoni na sauti haijapungua hata chembe, hiyo ni pleibeki, yaani sauti iliyorekodiwa zamani inapigwa tu. Kama anayeimba sehemu ile siku hizi ni mwingine, wamegawana upya kazi, hiyo ni akili. Kama maikrofoni inageuzwa kwa watu kila inapofika pale pale, usiku wa kwanza na wa pili na wa tatu, ujue ule siyo upendo kwa mashabiki, noti imekimbia, yaani ile sauti ya juu hawaifikii tena. Nina video moja naipenda sana, sitalitaja kundi, jamaa anaenda kuichukua noti ya juu, unaona kabisa shingo inakaza, anafika katikati anaona hapana, anaishusha maikrofoni, anashika magoti na kucheka, na ukumbi mzima unaimalizia ile noti kwa niaba yake huku mwenzake anampiga piga mgongoni. Nimeitazama mara nyingi kuliko video yoyote ya ujana wao.

Kucheza nitapita haraka, magoti ni magoti. Westlife, kundi lingine la Ireland, waliligundua hili mapema kuliko wote, wao tangu vijana walikuwa wanakaa kwenye vile viti virefu na kusimama pale wimbo unapopanda, kwa hiyo waliporudi 2018 hawakuwa na sarakasi ya kurudia. Walioanza kwa kuruka ruka ndio wana kazi.

Kwenye pesa watu wanakuwa wanafiki. "Wamerudi kwa njaa", utalisikia hilo ndani ya saa moja ya tangazo lolote. Mtu akikwambia hivyo muulize kama anamjua Lou Pearlman. Huyu ndiye aliyewaunda Backstreet Boys na NSYNC kule Orlando, akajihesabu mwanakundi wa sita wa Backstreet Boys ili naye apate fungu, vijana wanajaza viwanja huku wanashangaa pesa inaenda wapi, makundi yote mawili yakamfikisha mahakamani, na mwisho wa siku ikaja kujulikana ana biashara ya upatu hewa ya mamilioni ya dola, 2008 akafungwa miaka 25, akafia gerezani 2016. Kwa hiyo wengine kati ya hawa wazee waliimba ujana wao wote wakiwatajirisha watu wengine, na CD ambazo zingewalipa hazinunuliwi tena kama zamani, pesa iko kwenye tiketi. Wakirudi kwa ajili ya pesa mi nasema wachukue.

Ila yako uilinde. Andika mahali kiwango chako cha mwisho kabla tiketi hazijaanza kuuzwa, siyo wakati zinauzwa, maana ukishaona ile saa inahesabu kurudi nyuma na viti vinaisha akili inahama. Na zile tiketi za kupiga picha na wao fikiria mara mbili. Niliwahi kulipia moja. Tulipangwa mstari, nikafika, nikashikwa bega, taa ikawaka, nikaambiwa asante, na kwenye picha nimefumba macho. Hata "habari yako" sikusema.

Kubishana na watu nako kuna namna yake. Wanaosema "wazee wapumzike" usiwatukane, waulize tu kama waliwaambia hivyo Rolling Stones, ile bendi ya rock ya Uingereza, maana muimbaji wao Mick Jagger kazaliwa 1943 na 2024 alikuwa ziarani Marekani anakimbia jukwaani na kila mtu anasema huyu mzee ni chuma. Kwani tofauti ni nini? Mi naona tofauti ni kwamba boibendi walipendwa na wasichana wadogo, na kitu kilichopendwa na wasichana wadogo watu wanakiona cha kuchekwa hata miaka thelathini baadaye. Ukiliuliza hivyo taratibu, wengi wanakaa kimya kidogo kabla hawajabadilisha mada. Lakini na sisi mashabiki tuna ugonjwa wetu, mtu akisema tu kwamba wimbo mpya ni wa kawaida tunamrukia kana kwamba kamtukana mama. Wimbo unaweza kuwa wa kawaida. Dada yangu alinizira siku mbili kwa sentensi hiyo.

Ukiamua kwenda, nenda na mtu anayejua maneno, usimburuze mtu ambaye atakaa anaangalia saa, na usimchukue mtoto wako kwa lengo la kumthibitishia kwamba zamani kulikuwa na muziki, atakuharibia usiku na we utamharibia wake. Fika umekula. Vaa viatu ambavyo unaweza kusimama navyo kwa muda wa saa tatu, hata wewe siyo yule wa 1999.

Na simu, rekodi wimbo mmoja tu uiweke mfukoni. Mi ile konsati niliyojutia nilirekodi karibu yote, nikafika nyumbani nimekaa kitandani nikaiwasha kwa hamu, kundi halisikiki kabisa. Anayesikika mwanzo mpaka mwisho ni mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu, anaimba kwa nguvu zake zote, maneno kakosea karibu kila mstari, na kwenye ile noti ya juu kabisa hakushusha maikrofoni wala nini, aliifuata hivyo hivyo.