Kufunga kiti cha mtoto kwenye gari lililotoka Japani

Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anasukumwa mbele kwa nguvu ya karibu kilo 140. Hakuna mikono ya kushika hapo. Hata kiti cha mtoto hakimsaidii kama kimepachikwa tu juu ya siti, na kasoro inayojirudia kuliko zote, hata kwa viti vya bei kubwa, ni mkanda kulegea.

Kabla ya kununua, toa kadi ya kliniki usome uzito wa mtoto. Kisha pindua kiti utafute lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara. Namba iliyo kwenye lebo ni ya kanuni ya usalama ya Umoja wa Mataifa ambayo kiti kimepimwa nayo. Ikiandikwa R44/04, kiti kinapangwa kwa kilo: kundi 0+ hadi kilo 13, kundi 1 kilo 9 hadi 18, kundi 2 kilo 15 hadi 25, kundi 3 kilo 22 hadi 36. Ikiandikwa R129, kinapangwa kwa urefu wa sentimita, na mtoto lazima atazame nyuma mpaka apite miezi 15. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na mifupa ya shingo haijakomaa. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti hupokea kishindo chote. Kwa hiyo akifika kilo 9 usikimbilie kumgeuza. Mwache mpaka afike kikomo cha uzito au kichwa kikaribie ukingo wa juu wa kiti.

Kiti cha mtumba kina mtihani wake. Tarehe ya kutengenezwa huchongwa kwenye plastiki upande wa chini, mara nyingi pamoja na mwaka wa mwisho wa kutumika. Kama tarehe haionekani, au muuzaji hawezi kukueleza kama kiliwahi kuwa ndani ya ajali, kiache. Ufa mdogo chini ya kitambaa huwezi kuuona dukani.

Sasa mahali pa kukifunga. Siti ya mbele yenye eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) ni marufuku kwa kiti kinachotazama nyuma: eabegi ikifumuka hupiga mgongo wa kiti pale pale kilipo kichwa, na magari mengi ya Japani hayana swichi ya kuizima. Katikati ya siti ya nyuma pangekuwa pazuri, ila kwenye Vitz, Passo na ndugu zake za miaka ya 2000 mara nyingi pana mkanda wa kiunoni peke yake. Ukikuta hivyo, chagua nyuma kushoto. Kwetu tunaendesha kushoto, hivyo utamtoa mtoto upande wa pembeni mwa barabara.

Egesha gari pasipo na mteremko. Ondoa taulo, mto na mkeka wowote juu ya siti. Pitisha mkanda kwenye njia yake: viti vya R44 vina alama za buluu kwa kutazama nyuma na nyekundu kwa kutazama mbele. Kukosea njia hizi ni rahisi sana kwenye kiti kinachotumika pande zote mbili. Hakikisha mkanda haujajisokota, bonyeza kifungio kilie, kisha kandamiza kiti kwa uzito wako. Kikitazama mbele, piga goti ndani yake. Kikitazama nyuma, tumia kiganja na mkono ulionyooka. Huku ukikandamiza, vuta sehemu ya mkanda ipitayo kiunoni kwanza, halafu ya begani.

Kinachochanganya wengi ni kwamba mkanda wa kawaida wa gari hujifunga gari likishtuka tu. Vuta mkanda wa begani taratibu mpaka mwisho wake, kisha uuachie. Ukirudi huku ukilia ka-ka-ka na haukubali kuvutwa tena, una kufuli la viti vya watoto, basi uache ujibane hivyo hivyo. Siku ukitoa kiti, uache urudi wote ndani ili kufuli lifunguke. Usiporudi kwa mlio huo, tegemea kibanio cha kiti chenyewe; vingi vya R44 vinacho.

Pima kwa kushika pale mkanda unapopita, si juu kwenye kichwa cha kiti, ambako chochote kitacheza. Kitikise kushoto, kulia na mbele. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, rudia. Kikigoma kukaza, angalia kama kifungio kimelala juu ya ukingo wa fremu ya kiti. Hapo kinaweza hata kuvunjika, na dawa ni kuhamia siti nyingine. Kwa mtoto mchanga, mwinamo uwe karibu nyuzi 45. Kiti kikisimama mno, kidevu huangukia kifuani na kuziba pumzi.

Magari mapya ya abiria ya Japani yalitakiwa kuwa na vyuma vya ISOFIX, yaani vya kunasia kiti cha mtoto moja kwa moja kwenye bodi ya gari bila mkanda, kuanzia 2012. Ya zamani zaidi, ingiza vidole kati ya mgongo na kalio la siti utafute vyuma viwili vilivyo umbali wa sentimita 28. Viwili hivyo havitoshi. Lazima pia uvute mkanda wa juu wa kiti cha mtoto hadi kwenye ndoano yake halisi, wala si ndoano ya kufungia mizigo kwenye buti, au, kwa kiti chenye mguu wa kukitegemeza, uushushe mpaka sakafuni. Usiusimamishe juu ya mfuniko wa kisanduku cha kuwekea vitu sakafuni.

Mikanda ya mtoto itoke usawa wa mabega au chini kidogo akitazama nyuma, na usawa wa mabega au juu kidogo akitazama mbele. Kaza, kisha jaribu kuufinya mkanda kwenye mfupa wa bega: ukishika mkunjo, bado umelegea. Kule Mbeya au Limuru kwenye baridi, vua sweta zito kwanza, funga mikanda, ndipo umfunike kwa shuka juu yake.

Akipita kiti hicho, anahitaji busta (kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari umkae vizuri) mpaka mkanda huo ulale mapajani badala ya tumboni, na katikati ya bega badala ya shingoni. Hilo kwa kawaida hutokea akiwa na urefu kati ya sentimita 135 na 150. Busta haifungwi kwa mkanda wa kiunoni peke yake.

Mikanda ikichafuka, ifute kwa kitambaa na maji ya vuguvugu. Jiki hudhoofisha nyuzi.