Boksi la chupa kumi na mbili lisilobeba hewa

Mpagazi mmoja pale bandarini Mwanza ndiye aliyenifungua macho. Nilikuwa na maboksi sita ya asali ya kwenda Bukoba, nikaanza kulalamikia bei ya kubebewa. Akalipiga moja kofi, likalia kama ngoma. “Mama, humu nusu ni hewa. Sisi hatuangalii kilo, tunaangalia nafasi.”

Nikarudi nyumbani Kirumba nimenuna, lakini nilipolifungua boksi nikaona kweli. Lilikuwa la sabuni, nimeliokota dukani, chupa kumi na mbili katikati na magazeti yamesokomezwa pembeni. Tangu siku hiyo maboksi nayakata mwenyewe.

Kabla ya kushika kisu, pima chupa. Zangu ni za kioo, fupi, mdomo mpana: kipenyo sentimita 7, kimo 9 pamoja na kifuniko. Pima palipo panapana zaidi, maana kuna chupa ambazo kifuniko kinazidi tumbo. Usipime moja tu. Chukua tatu, zibane mezani kati ya vibao viwili, kisha pima upana wote.

Sasa zipange. Wengi huweka tatu kwa nne, safu moja, boksi linatoka kama sinia: 28 kwa 21, kimo 9. Mimi naweka mbili kwa tatu, kisha safu nyingine juu yake: 21 kwa 14, kimo 18. Nafasi ni ileile, ukizidisha unapata 5,292 kote kote. Kadibodi ndiyo inayotofautiana. Boksi sinia linakula kipande cha sentimita 101 kwa 30, yaani 3,030 za mraba. La safu mbili linakula 73 kwa 32, yaani 2,336. Sababu ni masikio, vile vipande vya juu na chini vinavyokunjwa kufunga boksi: boksi likiwa pana na fupi, masikio yanakuwa makubwa kuliko kuta zenyewe. Utahitaji karatasi ya kutenga safu, 21 kwa 14, lakini hata ukiiongeza bado umeokoa. Tena boksi dogo la kusimama linakaa vizuri kwenye guta na kwenye rafu ya duka, kuliko sinia linalotaka kushikwa kwa mikono miwili.

Kijana wangu aliniambia nipange chupa kwa kupishana kama mayai kwenye trei, eti zinabanana zaidi. Kwa mzigo mkubwa ana haki. Kwa kumi na mbili tulijaribu mezani: mistari minne ya tatu tatu iliyopishana ilitaka 24.5 kwa 25.2, karibu 617 za mraba, wakati kupanga kwa mistari iliyonyooka, 28 kwa 21, ni 588. Pembeni panabaki mapengo yanayomeza faida yote. Nikamwambia arudishe chupa kwenye mistari.

Kadibodi ninayotumia ni ya tabaka tatu, yenye mawimbi katikati, unene milimita 3 hivi. Siyo uvumbuzi wa jana. Albert Jones wa New York alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya karatasi ya mawimbi mwaka 1871, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufunga chupa na vioo vya taa. Ukitumia kadibodi ya zamani, inuse kwanza. Boksi lililopita soko la Mwaloni na samaki usiliguse, hata kama ni la bure.

Sasa vipimo halisi. Kwenye urefu kuna chupa tatu na vitenganishi viwili, yaani vipande vya kadibodi vinavyokaa kati ya chupa, 21.6, naongeza kidogo ya kulegea: 22. Upana, chupa mbili na kitenganishi kimoja, naufanya 14.5. Kimo, na ile karatasi ya katikati, 18.5. Hivyo ni vipimo vya ndani. Kadibodi ikikunjwa inakula unene wake, kwa hiyo kila ukuta naongeza milimita 3, na kimo naongeza 6. Nikikosea hapa, chupa ya mwisho haiingii na nimepoteza kipande kizima. Nimepoteza vingi.

Kata kipande cha 77.2 kwa 33.9. Kwenye ule urefu, chora ukuta wa 22.3, wa 14.8, tena 22.3, tena 14.8, na mwisho ulimi wa gundi wa sentimita 3. Kwa kimo, chora sikio 7.4, ukuta 19.1, sikio 7.4. Sikio ni nusu ya upana wa boksi, ndiyo maana mawili marefu yanakutana katikati bila kupandana. Tenganisha masikio kwa kisu hadi kwenye mstari wa mkunjo, usipitilize. Kwenye ulimi, masikio yake yakate utupe.

Kabla ya hayo yote, angalia mawimbi yameelekea wapi. Lazima yasimame wima, kutoka chini kwenda juu, kama nguzo. Ukiyalaza, boksi linapendeza ila likipandiwa na jingine linabonyea. Mistari ya mkunjo ipitie kwa mgongo wa kijiko ukiegemeza rula ya chuma. Usiichane kwa kisu.

Vitenganishi kwa kila safu ni vitatu: kirefu kimoja cha 22 na vifupi viwili vya 14.5, vyote kimo 9 ili visaidie kubeba uzito. Kile kirefu kipige mianya miwili kutoka juu, vifupi mwanya mmoja mmoja kutoka chini, kina 4.5, upana milimita 3 na ushee. Vinavishana. Kama unauza siagi ya karanga kwenye makopo ya plastiki, achana na vitenganishi kabisa, na vipimo vipunguze.

Gundi ulimi tu. Chini usifunge mpaka siku ya kujaza. Boksi lililolala lina unene wa milimita 6, kwa hiyo hamsini ni rundo la sentimita 30, linakaa chini ya kitanda. Lakini sio sakafuni! Masika, hewa ya ziwa inaingia kwenye kadibodi mpaka inakuwa laini kama chapati. Mwaka mmoja niliweka rundo kwenye saruji, nikajaza, nikapandisha manne juu ya mengine. Kufika ng'ambo chupa tisa zimevunjika na asali imegandisha kila kitu. Sasa naweka juu ya mbao, nimefunika nailoni.

Kwenye kupanga mzigo, pembe ikae juu ya pembe, kwa sababu ndizo zenye nguvu. Kupanga kama matofali kunashikana vizuri lakini pembe ya juu inaangukia katikati ya boksi la chini.

La kwanza lijaribu kwa chupa zilizojaa maji, siyo asali. Lifunge selotepu juu na chini, lidondoshe kutoka usawa wa goti juu ya mkeka, kisha litikise karibu na sikio. Likisema ngo-ngo, kata ukanda wa kadibodi uuchomeke ubavuni, ulitikise tena.