Kuotesha Mkojo na Kupima Usugu wa Dawa katika Joto la Mombasa

Kipimo cha usugu wa dawa, yaani cha kujua ni antibayotiki zipi ambazo bakteria wa mkojo wanazistahimili, huanzia msalani, si maabarani, kwani sampuli ikichafuka hakuna ustadi utakaoiokoa. Mwelekeze mgonjwa ajisafishe, aache mkojo wa mwanzo upite, kisha akinge wa katikati kwenye kichupa tasa kabla hajameza antibayotiki yoyote. Mkojo ukikaa kwenye joto zaidi ya saa 2, bakteria huzaliana na hesabu ya makoloni, yaani vishada vya bakteria vinavyoota maabarani, hupotosha. Kwa hiyo kichupa kinachotoka Likoni, ambako foleni ya feri haitabiriki, kisafirishwe ndani ya kikasha chenye barafu.

Mkojo ukishaoteshwa usiku kucha na bakteria kutambuliwa, chukua makoloni machache ya aina moja, uyakoroge katika maji ya chumvi hadi ukungu wake ulingane na kipimo cha McFarland 0.5, kiwango sanifu cha kulinganishia ukungu. Usikadirie kwa mazoea: mchanganyiko mzito humfanya bakteria aonekane sugu kuliko alivyo, na mwepesi huuficha usugu wake, kosa ambalo ni la kuogopwa zaidi kwa kuwa mgonjwa atapewa dawa isiyomfaa. Upake kwa pamba kwenye agari ya Mueller-Hinton, rojo iliyoganda ya kuoteshea bakteria, yenye kina cha milimita 4, kisha uweke diski za dawa, yaani vikaratasi vyenye antibayotiki, ndani ya dakika 15.

Hizo diski ndizo zinazoteswa na hali ya hewa ya pwani. Mkebe ukitolewa kwenye jokofu na kufunguliwa hapo hapo, umande hutanda juu ya karatasi, na dawa za jamii ya penisilini huharibika upesi kwa unyevu. Uache kwanza upate joto la chumba ukiwa umefungwa. Wapo wanaoona huko ni kupoteza muda, lakini bakteria wa udhibiti, E. coli ATCC 25922, ambaye majibu yake sahihi yanajulikana tangu awali, huwaumbua.

Baada ya saa 16 hadi 18 katika nyuzi 35, pima kwa rula kipenyo cha kila duara lisiloota bakteria kuzunguka diski, ulinganishe na jedwali la viwango la mwaka husika. Duara la sefotaksimu, antibayotiki ya jamii ya sefalosporini, likiongezeka kwa milimita 5 au zaidi panapokuwapo asidi ya klavulaniki, bakteria huyo anatengeneza kimeng'enya kinachovunja sefalosporini nyingi, ambacho asidi hiyo hukizuia. Mpigie daktari wa wodi simu usiku huo huo, umweleze pia kwamba nitrofurantoini, antibayotiki ya maambukizi ya mkojo, hata ikisomeka kuwa inafaa, hutibu kibofu tu. Maambukizi yaliyofika kwenye figo au damu yanahitaji dawa nyingine.