Mate yakipungua uzeeni

Ukimwona shosho anashushia kila tonge la ugali kwa maji, au meno ya bandia yanamchubua ufizi ilhali zamani yalimkaa sawa, usiseme ni uzee tu. Umri hupunguza mate, lakini mara nyingi kinachokausha mdomo zaidi ni dawa: za presha, za mzio, za usingizi. Zitie zote kwenye mfuko, hata zile za kujinunulia, uende nazo kwa mfamasia azipitie. Shosho asiache kumeza yoyote kabla hajaambiwa. Na zile peremende za stejini anazofyonza kulainisha koo? Sukari hiyo, bila mate ya kuiosha, huozesha meno kwenye mizizi, pale ufizi ulipoachia. Afadhali chingamu isiyo na sukari, na maji kidogo kidogo.