Kabla ya kumwona daktari kwa miguu isiyotulia usiku

Tabu ya maradhi ya miguu isiyotulia ni kwamba asubuhi hayaonekani. Utaketi mbele ya daktari pale hospitali ya King Fahd, Lamu, miguu imetulia tuli, haina uvimbe wala kidonda, na hakuna picha itakayoyathibitisha. Daktari huyatambua kwa maelezo yako. Kwa hivyo kazi kubwa ifanye nyumbani kabla hujatoka.

Kwa wiki moja hivi jiangalie na uandike. Je, unapata hamu ya kusogeza miguu usiyoweza kuizuia? Huanza ukiwa umeketi barazani au umejinyosha kitandani? Hupungua ukiinuka ukatembea? Huzidi jioni na usiku? Yote manne yakiwa ndiyo, daktari ana pa kuanzia. Ganzi ya kisukari, kwa mfano, kwa kawaida haiondoki kwa kutembea. Hisia yenyewe ieleze kwa maneno yako. Wengi husema ni kama sisimizi wanaotambaa ndani ya mfupa, na hilo si la kuonea haya. Muulize pia mnayelala pamoja kama unarusha miguu usingizini.

Kusanya dawa zote unazotumia, hata za dukani. Watu hulipuuza hili, nami naliona zito sana. Piriton ya mafua, Plasil ya kutapika na baadhi ya dawa za sonona zaweza kuuzidisha usumbufu huu. Usiache dawa uliyoandikiwa. Ipeleke tu ionekane. Taja sigara pia, na kahawa chungu ya baada ya magharibi.

Kisha damu. Upungufu wa madini ya chuma ni chanzo kikubwa, na huweza kuwapo hata hemoglobini, yaani kipimo cha kawaida cha wingi wa damu, ikiwa nzuri. Omba kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini. Uliza kwa simu kwanza kama maabara inakifanya, usije ukavuka kwa boti hadi Mokowe na kupanda basi la Malindi bure. Nenda asubuhi, na usimeze vidonge vya chuma tangu siku iliyotangulia. Ukiwa na homa, ahirisha, maana maambukizi huipandisha feritini ikadanganya. Kwa miguu hii, madaktari huanza kufikiria tiba ya chuma feritini ikiwa mikrogramu 75 kwa lita au chini, ingawa karatasi ya maabara huenda ikaandika kuwa ni kawaida. Namba hiyo nenda nayo.

Vidonge vya chuma usijinunulie kabla ya kupimwa. Mwenye selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi huenda tayari ana chuma cha kupita kiasi. Dagaa na kunde kwa ndimu havina neno; chai tu isogeze mbali na mlo, kwani huzuia chuma kufyonzwa.

Mja mzito na mgonjwa wa figo waseme hali zao kabla ya kuandikiwa chochote. Kwa mja mzito, usumbufu huu huzidi miezi mitatu ya mwisho na aghalabu huondoka akijifungua.

Ukipewa chuma, usitoke bila tarehe ya kupimwa feritini tena. Akiba hiyo hujaa kwa miezi.