Kuacha fegi ukiwa ughaibuni: simu yako ikuvushe zile dakika tano

Mwangalie mvutaji yeyote akiwa breki ya kazini, mkono mmoja fegi, mwingine simu. Mimi nilikuwa hivyohivyo miaka kibao, ndo maana nasema simu inafaa kukusaidia kuacha, kwa sababu arosto ikikukuta tayari unayo mkononi.

Jua kwanza kwamba ile hamu kali haikai, inakubana dakika tatu mpaka tano hivi halafu inashuka yenyewe hata usipovuta. Siku tatu za mwanzo ndo balaa, ila wengi wiki ya pili mpaka ya nne wanaanza kutulia.

Ukiwa Marekani tuma neno QUIT kwenda 47848, utapokea meseji za kukusaidia kuacha, zinaitwa SmokefreeTXT. Uingereza kuna apu ya NHS Quit Smoking (NHS ni huduma yao ya afya ya umma) inayokuhesabia siku 28, Australia wana My QuitBuddy. Chagua moja tu, ukijaza apu nne utaishia kuzima notifikesheni zote.

Na meseji za kawaida usizidharau. Uingereza walizijaribu kwa watu 5,800, utafiti unaitwa txt2stop, ulitoka 2011, na baada ya miezi sita wakawapima mate waliosema wameacha: waliokuwa wanatumiwa meseji za kuwasaidia asilimia 10.7 walikuwa wameacha kweli, wengine 4.9. Sikufichi, wengi bado walivuta, lakini ni zaidi ya mara mbili na kilichotumika ni meseji tu. Kilichonivutia mimi ni kwamba hamu ikikushika ulikuwa unatuma neno moja, unajibiwa palepale.

Sasa hiyo unaweza kujitengenezea kwa Kiswahili. Tafuta mtu mmoja huko nyumbani Afrika Mashariki, mkubaliane ukimtumia nukta tu WhatsApp yeye anakurushia voisi, stori yoyote, asikuhubirie. Tofauti ya masaa ambayo siku zote inatukera hapa inakubeba, maana wewe uko shifti saa tisa usiku New York na yeye kwake ni asubuhi, yuko macho.

Halafu alamu. Siku tatu kabla ya kuacha andika kwenye simu kila saa unayowasha na ulikuwa unafanya nini, utashangaa, zangu karibu zote zilikuwa baada ya kula na nikitoka kazini, kisha weka alamu dakika tano kabla ya hizo saa. Usiiandike "usivute", andika kitu cha kufanya: kunywa maji, panda ngazi, piga simu.

Kama unavuta sana muulize mfamasia habari za plasta au bigijii za nikotini, zinaenda vizuri pamoja na hizi meseji, simu peke yake kwa mvutaji mzito naona ni kumuonea.

Ukiteleza usifute apu kwa hasira. Yangu ilirudi sifuri mara mbili, ya tatu nikaificha kabisa ile kaunta ya siku nikabaki na alamu na voisi za ndugu yangu.